Nyaya za umeme za pikipiki ya zamani

Nyaya za umeme za pikipiki (mafundi wengi nchini Tanzania huziita wayaringi) ni seti ya nyaya zilizofungwa pamoja ambazo huunganisha betri, koili za chaji, swichi, plagi, taa, indiketa na honi. Seti hiyo huanzia kwenye taa ya mbele, hupita shingoni mwa fremu na chini ya tangi la petroli, kisha huishia kwenye taa ya nyuma.

Katika pikipiki ya zamani nyaya huchakaa kwa namna isiyoonekana kwa urahisi. Injini inaweza kuwekewa pistoni na ringi mpya mara kadhaa, lakini nyaya hubaki zilezile za kiwandani, zikiwa zimeungwaungwa na mafundi mbalimbali. Pikipiki nyingi zenye injini nzima huachwa nyuma ya nyumba au kuuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu kwa sababu tu umeme wake umeshindikana. Mara nyingi tatizo hilo linaweza kumalizwa kwa vifaa vichache, mradi fundi ashughulikie sakiti moja baada ya nyingine.

## Muundo

Umeme wa pikipiki ndogo una sakiti kuu nne.

* Sakiti ya cheche: hupeleka umeme kwenye koili na plagi ili petroli iwake ndani ya silinda.
* Sakiti ya chaji: huchukua umeme kutoka koili zilizo ndani ya kifuniko cha injini, karibu na sumaku inayozunguka, na kuupeleka kwenye betri kupitia kidhibiti chaji, ambacho mafundi wengi hukiita rektifaya.
* Sakiti ya taa kubwa na taa ya nyuma.
* Sakiti ya ishara: indiketa, taa ya breki, honi na taa ya gia huru.

Fremu ya chuma hutumika kama njia ya kurudishia umeme kwenye betri. Kwa hiyo kila kifaa huhitaji waya mmoja wa kuleta umeme, na umeme hurudi kupitia fremu au kupitia waya ulioshikizwa kwenye fremu. Mafundi huita njia hiyo ya kurudi "ethi". Ethi ikiharibika, vifaa vingi huharibika pamoja hata kama nyaya nyingine zote ni nzima.

Katika pikipiki nyingi ndogo za zamani taa kubwa haitumii betri. Hupata mkondo geu moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini. Ndiyo maana taa hiyo haiwaki injini ikiwa imezimwa, na hufifia injini inapozunguka polepole. Hali hii si ubovu, ndivyo ilivyobuniwa.

## Historia

Pikipiki za kwanza hazikuwa na nyaya nyingi. Taa zake ziliwaka kwa gesi ya asetilini iliyotokana na kabidi na maji. Taa za umeme zilienea baada ya viwanda kuanza kutengeneza dinamo ndogo za kufungwa kwenye injini. Nyaya za wakati huo zilikuwa na ganda la mpira lililozungushiwa kitambaa. Baadaye ganda la plastiki lilichukua nafasi yake.

Pikipiki za Uingereza kama BSA, Triumph na Norton zilitumia vifaa vya umeme vya kampuni ya Lucas. Nyingi kati yake ziliunganisha upande chanya wa betri kwenye fremu, kinyume cha desturi ya leo. Fundi asiyejua jambo hilo akifunga betri kwa mtindo wa pikipiki za Japani anaweza kuunguza rektifaya mara moja.

Kampuni ya Honda ilianzishwa mwaka 1948, na mwaka 1958 ilitoa Super Cub, pikipiki ndogo iliyoenea duniani kote. Miaka ya 1970 ilileta mashine mbili zilizojulikana sana Afrika. Yamaha AG100 ilibuniwa kwa kazi za shambani. Honda CG125, ya mwaka 1976, ilibuniwa kwa ajili ya nchi ambako matengenezo hayafanyiki kwa ratiba. CG125 za kwanza zilikuwa na umeme wa volti 6 na cheche iliyokatwa kwa pointi. Matoleo ya baadaye yalitumia volti 12 na kisanduku cha elektroniki kinachoitwa CDI.

Tangu miaka ya 2000 pikipiki kutoka China na Uhindi zimeenea Tanzania, hasa baada ya kanuni za mwaka 2010 kuruhusu rasmi biashara ya bodaboda. Injini nyingi za Kichina zimefuata muundo wa Honda CG125. Kwa sababu hiyo seti za nyaya zinazofanana na zile za CG125 hupatikana madukani kwa urahisi, ingawa si kila seti hufaa kwa kila pikipiki.

## Hali katika Handeni na Korogwe

Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, pikipiki za Kijapani za zamani zilikuwa vyombo vya kazi vya maafisa ugani, wahudumu wa afya, viongozi wa dini na wasimamizi wa mashamba ya mkonge. Baadhi zimebaki mikononi mwa wastaafu au familia zao. Barabara ya Korogwe hadi Handeni na Mkata sasa ina lami, lakini njia nyingi za kuingia vijijini, zikiwemo za kata ya Kwaluguru, bado ni za udongo.

Mazingira haya huathiri nyaya kwa njia nne.

* Vumbi jekundu huingia ndani ya soketi wakati wa kiangazi. Mvua za vuli na masika zikinyesha, vumbi hilo hushika unyevu na kuharakisha kutu ya shaba.
* Jua hukausha ganda la plastiki la nyaya zilizo wazi, hasa kwenye usukani na taa ya nyuma.
* Mtikisiko wa barabara mbovu hukata nyuzi za shaba ndani ya ganda huku ganda lenyewe likionekana zima.
* Panya hutafuna nyaya za pikipiki inayolazwa chumba kimoja na mahindi. Pikipiki iliyokaa msimu mzima bila kutumika iangaliwe chini ya tangi na chini ya kiti kabla ya kuwashwa.

Vifaa vya kawaida hupatikana Korogwe mjini na Handeni mjini. Soketi za aina ya zamani, mara nyingi, huagizwa Tanga au Kariakoo, Dar es Salaam.

Ubora wa nyaya ni suala la usalama wa maisha. Taa kubwa ikizimika ghafla usiku kwenye barabara kuu ya Segera, inayopitisha malori na mabasi, dereva haoni na wala haonekani. Shoti iliyo chini ya tangi la petroli inaweza kuwasha moto.

## Rangi za nyaya

Kila kampuni ina utaratibu wake wa rangi. Kosa la hatari ni kudhani kuwa rangi moja ina kazi moja katika pikipiki zote. Mfano mzuri ni waya mweusi.

* Honda: waya mweusi huleta umeme chanya baada ya swichi ya ufunguo.
* Yamaha: waya mweusi ni ethi.
* Suzuki: waya mweusi ni wa indiketa ya kushoto.

Mtu anayezoea Yamaha akishikiza waya mweusi wa Honda kwenye fremu, atapata shoti pindi atakapofungua ufunguo.

Rangi kuu za Honda ni hizi:

* kijani: ethi
* nyekundu: chanya ya betri kabla ya swichi ya ufunguo
* nyeusi: chanya baada ya swichi ya ufunguo
* buluu nyepesi: indiketa ya kulia
* rangi ya chungwa: indiketa ya kushoto
* buluu: taa kubwa, mwanga mkali
* nyeupe: taa kubwa, mwanga wa chini
* kahawia: taa ya nyuma
* kijani yenye mstari wa njano: taa ya breki
* kijani nyepesi: honi

Rangi kuu za Yamaha ni hizi:

* nyeusi: ethi
* nyekundu: chanya ya betri
* kahawia: chanya baada ya swichi ya ufunguo
* kijani iliyokoza: indiketa ya kulia
* rangi ya chokoleti: indiketa ya kushoto
* njano: taa kubwa, mwanga mkali
* kijani: taa kubwa, mwanga wa chini
* buluu: taa ya nyuma
* waridi: honi

Katika Suzuki ethi ni waya mweusi wenye mstari mweupe, na chanya baada ya swichi ni rangi ya chungwa. Katika pikipiki za Uingereza zenye vifaa vya Lucas waya mwekundu ndio ethi.

Orodha hizi ni mwongozo tu. Pikipiki iliyopita mikononi mwa mafundi wengi inaweza kuwa na waya wowote mahali popote, kwa hiyo kila waya hupimwa kwa mita kabla ya kuaminiwa.

## Kwa nini kiungo kibovu hufifisha taa

Watu wengi hubadilisha betri au balbu wakati kosa liko kwenye kiungo. Sheria ya Ohm inaonyesha sababu.

Chukua balbu ya wati 35 katika pikipiki ya volti 6. Mkondo wake ni 35 ÷ 6, yaani ampea 5.8 hivi, na ukinzani wa balbu ikiwa inawaka ni takriban ohm 1. Kutu ndani ya soketi ikiongeza ohm 0.3 tu, balbu hupata takriban volti 4.6 badala ya 6. Nguvu yake hushuka hadi wati 21 hivi.

Katika pikipiki ya volti 12 balbu ya wati 35 huchukua ampea 2.9 hivi na ina ukinzani wa takriban ohm 4.1. Kutu ileile ya ohm 0.3 huiachia balbu volti 11.2 hivi, na nguvu hushuka hadi wati 30 tu.

Kwa hiyo pikipiki ya volti 6 haivumilii kiungo kichafu. Taa yake ikiwa hafifu, jambo la kwanza ni kusafisha soketi, swichi na ethi. Kununua betri mpya huja baadaye.

## Kukarabati au kubadilisha seti nzima

Si lazima kubadilisha seti nzima kila mara. Nyaya zinaweza kukarabatiwa ikiwa ganda bado ni laini, ubovu uko sehemu moja au mbili, na shaba iliyo ndani bado inang'aa.

Seti nzima hubadilishwa ikiwa:

* ganda hupasuka waya unapokunjwa kwa vidole;
* shaba imegeuka nyeusi au kijani hata baada ya kukata sentimita kadhaa kutoka kwenye ncha;
* nyaya zimeyeyuka na kushikamana;
* viungo vya kienyeji ni vingi kiasi kwamba njia ya waya haijulikani tena.

Anayenunua seti iliyo tayari hana budi kulinganisha mambo matatu badala ya kuangalia jina la pikipiki tu: volti (6 au 12), aina ya cheche, na idadi ya nyaya zinazotoka kwenye koili za injini. Kuna CDI inayopata umeme kutoka koili maalumu ya injini, na kuna CDI inayopata umeme wa betri. Soketi zake zinaweza kufanana, lakini kuchanganya aina hizo mbili huweza kuua CDI. Vilevile pikipiki ya volti 6 haigeuki kuwa ya volti 12 kwa kubadilisha betri na balbu peke yake. Koili za chaji na kidhibiti chaji lazima viwe vya volti 12 pia.

## Hatua za kubadilisha

1. Kuandaa mahali. Kazi hufanyika penye hewa, mbali na jiko la mkaa na sigara. Kwenye betri hutangulia kufunguliwa waya unaokwenda kwenye fremu, ili spana ikigusa fremu isilete shoti. Kisha tangi la petroli hutolewa na kuwekwa mbali.

2. Kuchora ramani. Kila soketi hupigwa picha, na kila waya hufungiwa kipande cha plasta kilichoandikwa mahali unapokwenda. Mchoro wa sakiti huwekwa kwenye daftari. Hatua hii huonekana kama ya kupoteza muda, lakini ndiyo inayookoa muda mwingi zaidi.

3. Kutoa seti ya zamani. Hutolewa nzima bila kukatwakatwa, kwani ndiyo kipimo cha urefu na ushahidi wa njia ya kila waya.

4. Kutengeneza seti mpya juu ya ubao. Seti ya zamani hulazwa kwenye ubao, na misumari hupigwa mahali nyaya zinapokunja au kugawanyika. Nyaya mpya hupitishwa kwenye misumari hiyohiyo. Waya unaofaa ni wa magari, wenye nyuzi nyingi nyembamba za shaba. Kwa indiketa na taa ya nyuma hutosha unene wa milimita mraba 0.5, kwa taa kubwa na honi 0.75 hadi 1. Kwa betri, chaji na ethi 1.5 hadi 2. Pikipiki yenye stata ya umeme huhitaji waya mnene zaidi kati ya betri na stata.

5. Kuunga ncha. Ncha za shaba hubanwa kwa koleo maalumu, kisha huingizwa kwenye soketi. Kulehemu kwa risasi kunafaa pale ambapo waya hautikisiki. Risasi huufanya waya kuwa mgumu, na mtikisiko huukata pale risasi inapoishia. Mrija wa plastiki unaonywea kwa joto huingizwa kwenye waya kabla ya kuunga, kisha hufunika kiungo.

6. Kufunga. Tepu huzungushwa kwenye shina la nyaya bila kukazwa mno. Soketi hazifungwi ndani ya tepu, kwa kuwa tepu hutunza maji na humficha fundi ajaye mahali pa kupimia.

7. Kurudisha kwenye fremu. Shingoni huachwa nafasi ya kutosha ili usukani ukate kulia na kushoto bila kuvuta waya. Nyaya huwekwa mbali na bomba la moshi na silinda. Mahali pa ethi hukwanguliwa rangi mpaka chuma king'ae, ncha hukazwa kwa bolti, kisha hupakwa grisi au vaselini kuzuia kutu.

## Kupima kabla ya kuwasha

Betri haifungwi moja kwa moja kwenye nyaya mpya. Njia rahisi na salama ni kuweka balbu mahali pa fyuzi. Kwa pikipiki ya volti 12 hutumika balbu ya breki ya wati 21. Kwa volti 6 hutumika balbu ya volti 6.

* Ufunguo ukiwa umefungwa, balbu haipaswi kuwaka. Ikiwaka kwa mwanga wote, kuna shoti kati ya betri na swichi.
* Ufunguo ukifunguliwa, vifaa hujaribiwa kimoja kimoja. Balbu ikiwaka kidogo, mkondo unapita kwenye kifaa kama kawaida. Ikiwaka kwa mwanga wote, sakiti hiyo ina shoti au kifaa chake kina ukinzani mdogo sana, kwa hiyo huchunguzwa kwanza.

Balbu huzuia mkondo mkubwa, kwa hiyo kosa halichomi waya. Baada ya kila sakiti kupita, fyuzi ya kipimo cha kiwandani hurudishwa. Pikipiki ndogo nyingi hutumia ampea 10 au 15.

Mwishoni chaji hupimwa injini ikizunguka kwa kasi ya wastani. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma volti 12.6 hivi injini ikiwa imezimwa, na wakati wa kuchaji husoma kati ya 13.5 na 14.5. Ikizidi volti 15, kidhibiti chaji ni kibovu au ethi yake haijashika, na balbu zitaungua.

## Makosa ya kawaida

* Kufunga karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara au kipande cha waya mahali pa fyuzi. Hapo waya ndio unaogeuka fyuzi, nao hupita chini ya tangi la petroli.
* Kutumia waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene. Hukatika haraka kwa mtikisiko.
* Kusokota nyaya mbili na kuziba kwa mfuko wa plastiki ulioyeyushwa. Kiungo hicho hushika kutu ndani bila kuonekana.
* Kuongeza redio, taa za mapambo au chaja ya simu kwenye waya wa taa kubwa. Koili za pikipiki ndogo ya zamani hutoa umeme kidogo tu, na betri huisha.
* Kubadilisha CDI, koili na betri kwa kubahatisha bila kupima ethi kwanza.

## Nyaya za zamani baada ya kutolewa

Seti ya zamani inafaa kutunzwa mpaka pikipiki ifanye kazi bila tatizo kwa miezi kadhaa. Soketi na mipira yake inaweza kutumika tena, hasa kwa aina ambazo hazitengenezwi tena.

Baadhi ya watu huchoma nyaya ili kupata shaba ya kuuza. Moshi wa plastiki hiyo una sumu inayodhuru mapafu, na watoto hawapaswi kuwa karibu nao. Ganda linaweza kuchunwa kwa kisu, na shaba safi isiyoungua huwa na bei nzuri zaidi kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

## Mafunzo

Umeme wa magari hufundishwa katika vyuo vya VETA, kikiwemo kile cha Tanga. Mafundi wengi wa pikipiki wa vijijini, hata hivyo, hujifunza kazini kwa kumfuata fundi mkubwa. Seti ya zamani ya nyaya za pikipiki ni kifaa kizuri cha kufundishia fizikia ya sekondari. Kwa ubao, betri, balbu mbili na mita, wanafunzi wanaweza kuona mkondo, ukinzani, sakiti sambamba na kazi ya fyuzi.

## Tazama pia

* Pikipiki
* Bodaboda
* Betri
* Fyuzi
* Sheria ya Ohm
* Wilaya ya Handeni
* Wilaya ya Korogwe